Nkunga Hakuna Farasi

Nkunga, kijijini kwa mjomba wangu wilayani Rungwe, kuna migomba hadi mlangoni, kuna viazi, kuna parachichi, kuna ng'ombe wa maziwa ambaye majirani wote wanamjua kwa jina na wanajua leo asubuhi ametoa lita ngapi. Farasi hakuna. Nalisema mapema kwa sababu kila Juni shule zikifungwa, mabasi ya Tukuyu na Kyela hujaa watoto wa mjini wanaopelekwa kwa bibi zao, na wengi wao wanakuja na shamba walilolijua kwenye katuni: uzio mweupe wa mbao, nyasi fupi zisizo na tope, na farasi wa kahawia aliyesimama akisubiri apandwe.

Binti yangu, mwenye miaka kumi, alilileta jambo hilo kabla hata chai haijamiminwa. Alikuwa ameshasalimia kwa Kinyakyusa nilichomfundisha ndani ya basi, "Mwaghonile," huku akipiga goti kidogo, na mjomba wangu akafurahi mno. "Ndaga, mama, ndaga fijo." Ndipo mtoto akauliza, "Babu, farasi wako wanakaa wapi?"

Mjomba alichungulia nje, kule bandani, labda kuhakikisha hajasahau kitu. "Farasi wa nini, mama?"

"Wa kupanda."

"Sisi hapa tunapanda viazi."

Jikoni wakacheka, mkaza mjomba akageuza ndizi mbalaga chunguni, na kwa mtoto yakaishia hapo kwa siku ile. Mimi ndiye niliyelala nalo. Kwa nini, kweli, hakuna? Mlima Rungwe unapanda hadi mita 2,960 hivi juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni huku humfanya mgeni wa Dar es Salaam alale na soksi. Majani hayakauki, wilaya hii hupata mvua karibu kila mwezi wa mwaka, na udongo wake ni wa volkano. Wenyeji nao hawahitaji kufundishwa kupenda mnyama. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wanyakyusa miaka ya 1930, alikuta ng'ombe yumo katika kila jambo la maana: mahari, urafiki, mazishi. Watu wa namna hiyo wangempa farasi jina na kumpangia zamu ya kukatiwa majani. Lakini hajawahi kuwa mnyama wa wilaya hii, na ukifuatilia unaona kwamba mkosi wake ulikuwa njiani.

Milima ya huku, Rungwe na Poroto na Livingstone, imezungukwa na nchi za joto. Kutoka pwani, kabla ya reli na lami, mnyama alipaswa kuvuka majuma kadhaa ya nyika, na nyika hiyo ilikuwa na mbung'o. Vimelea wanaobebwa na nzi huyo humkondesha ng'ombe na kumuua polepole. Farasi wanamlaza haraka zaidi. Ugonjwa wenyewe, nagana, haukujulikana chanzo chake hadi David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, alipokaa na darubini yake huko Zululand mwaka 1894 na 1895 akaona vimelea wakiogelea katika damu. Kabla ya hapo kila aliyefiwa na farasi alitafuta mchawi wake.

Mfano mbaya kuliko yote uko kusini yetu, kwenye mto Zambezi. Mwanzoni mwa miaka ya 1570 jeshi la Wareno chini ya Francisco Barreto lilipanda mto huo likitafuta dhahabu ya ufalme wa Mwenemutapa. Walikuwa na farasi. Walipofika Sena, farasi wakaanza kufa, na askari pia wakaanza kufa. Wareno hawakujua habari za vimelea. Walichojua ni kwamba pale Sena walikuwapo wafanyabiashara Waislamu waliotangulia kufika kutoka pwani yetu, na wakakata shauri kwamba hao ndio waliotia sumu. Wakawaua. Nimekisoma kisa hicho mara nyingi na bado sijui nikiweke wapi. Ni mauaji ya kinyama, na shahidi pekee wa upande wa mashtaka alikuwa maiti ya farasi.

Kisa cha Stanley kinachekesha kidogo. Alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone alikuwa na farasi wawili, mmoja wao zawadi ya Sultani Barghash. Hawakuvuka hata nyika ya pwani. Walipofika Kingaru wote wawili wakafa, mmoja baada ya mwingine. Stanley akaagiza wa kwanza azikwe. Chifu wa pale akaja juu: nani amekuruhusu kuzika katika ardhi yangu? Lipa faini ya nguo. Stanley akawaambia askari wake basi wamfukue, wamwache juu ya ardhi kama alivyoanguka, aoze hapo hapo. Chifu akafikiri tena, na marehemu akabaki kaburini bila malipo.

Muuaji wa pili hahitaji hata pori. Ugonjwa wa farasi wa Afrika ni wa virusi, na huenezwa na usubi, vidudu vile vidogo vinavyouma jioni bila kuonekana. Punda na pundamilia huambukizwa na mara nyingi huendelea na maisha yao. Farasi ambaye mwili wake haujawahi kukutana na virusi hivyo anaweza kufa ndani ya siku chache, povu likimtoka puani. Katika koloni la Cape, mlipuko wa 1854 na 1855 ulichukua karibu farasi 70,000. Chanjo ipo siku hizi, na inatoka Onderstepoort karibu na Pretoria, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1908 na Arnold Theiler, daktari wa mifugo mzaliwa wa Uswisi. (Mwanawe, Max Theiler, ndiye aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1951 kwa chanjo ya homa ya manjano. Kile kijitabu cha njano tunachoulizwa viwanja vya ndege kina asili ya kwenye zizi.)

Mwaka 1916 vita vya Wazungu vilileta farasi kwa wingi ambao nchi hii haikuwahi kuuona. Jenerali van Deventer aliondoka upande wa Moshi mwezi Aprili na askari wapanda farasi wa Afrika Kusini kuelekea Kondoa, masika yakiwa yamekolea, na njia nzima ikajaa mizoga. Farasi walikufa kwa mamia katika safari hiyo moja na kwa maelfu kabla mwaka haujaisha. Huku kwetu mambo yalikwenda vingine. Kikosi cha Jenerali Northey kilivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia, na mwishoni mwa Mei 1916 kikaichukua Neu-Langenburg, jina walilolitumia Wajerumani kwa Tukuyu. Mizigo yake ilipita kwenye vichwa na mabega ya wapagazi. Mahali mnyama aliposhindwa, mtu alilazimishwa, na wapagazi wa vita vile walikufa wengi kuliko askari. Ukilijua hilo huwezi tena kusema kirahisi kwamba Afrika ilikosa farasi kwa uvivu.

Mtu akitaka kumwona mwenyeji wa nchi hii juu ya farasi, akienda shamba kutembelea ndugu, aitazame Unguja ya karne ya 19. Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, anasimulia jinsi watoto wa jumba lile walivyofundishwa kupanda farasi tangu wadogo. Alipohamia na mama yake kwa kaka yake Majid aliongeza na kulenga shabaha. Baadaye, kaka zake walipogombania kiti mwaka 1859 na yeye akawa upande ulioshindwa, alijitenga na mji akakaa mashambani, Kisimbani kwanza, kisha Bububu. Kati ya mji na mashamba ya mikarafuu jamaa walitembeleana kwa farasi au kwa punda weupe wa Maskati, wakubwa, wenye heshima yao na matandiko yao ya thamani. Pembeni walikimbia watumwa kwa miguu wakienda na mwendo wa mnyama. Hao huwa hawamo mtu anapoitamani Unguja ile.

Baba yake Salme alikuwa na farasi wa kutosha kugawa nje: mwaka 1840 merikebu yake, Sultana, ilitia nanga New York ikiwa na farasi wawili wa Kiarabu, zawadi kwa Rais Martin Van Buren. Waliwezekana Unguja kwa sababu walikuja kwa bahari, na upepo wa kaskazi uliwashusha mlangoni bila kupita porini. Kisiwa chenyewe hakikuwa salama, kilikuwa na mbung'o wake, waliotokomezwa mwaka 1997 baada ya miaka michache ya kuachia angani madume waliotasishwa kwa mionzi. Lakini farasi wa jumba alikaa zizini, alihudumiwa, na akifa, jahazi la msimu ujao lingeweza kuleta mwingine. Mkulima wa Rungwe angemtoa wapi huyo mwingine?

Hoja ya njia inaonekana vizuri zaidi ukitazama Lesotho. Nayo ni nchi ya milima na baridi, watu wake wafugaji. Miaka ya 1820 na 1830 walivamiwa na watu waliotoka upande wa Cape wakiwa juu ya farasi na bunduki mkononi. Watu wa mfalme wao, Moshoeshoe, wakateka farasi, wakanunua wengine, na katika kizazi kimoja wakawa taifa la wapanda farasi. Hadi leo mchungaji wa Lesotho hushuka dukani akiwa juu ya mnyama wake, amejifunika blanketi. Kati ya Cape na milima ile hakuna mbung'o, na barafu ya usiku huuweka usubi pembeni. Ethiopia nayo, yenye farasi wengi kuliko nchi yoyote ya Afrika, ilimpandisha juu ya uwanda wake zamani sana, kutoka upande wa Bahari ya Shamu. Katikati ya nchi hizo mbili tuko sisi, tumezungukwa.

Waliokuja na tamaa ya farasi wakajaribu mlango wa nyuma. Ikiwa pundamilia hafi, kwa nini asifungwe tandiko? Karibu na Kilimanjaro, enzi za Wajerumani, Bronsart von Schellendorff alikamata pundamilia na kujaribu kuwafuga wawe wanyama wa kazi. Mradi haukufika popote. Pundamilia ana hasira, anang'ata na hasahau. Aliyefaulu, kwa kiwango chake, ni daktari Mgoa wa Nairobi, Rosendo Ribeiro, ambaye mwanzoni mwa karne iliyopita alikuwa akiwatembelea wagonjwa wake majumbani juu ya pundamilia. Ndiye pia aliyetoa taarifa ya tauni katika soko la Nairobi mwaka 1902. Picha yake ipo: mtu mwenye ndevu, amekaa wima kabisa, mnyama amenuna.

Basi farasi wa Afrika Mashariki akabaki wa wachache. Kenya ilipata uwanja wa mashindano, na Ngong bado watu hukusanyika Jumapili kuweka dau. Beryl Markham, aliyekulia Njoro kabla hajawa rubani, alipata leseni ya kufundisha farasi wa mbio akiwa bado msichana. Jinja, Uganda, watalii hupanda farasi kandokando ya Nile. Kwetu, Jeshi la Polisi lina kikosi chake cha mbwa na farasi, na mashabiki wa Simba na Yanga wanaujua ukubwa wa mnyama huyo kwa kuwa wamewahi kusukumwa naye. Makoa, chini ya Kilimanjaro, kuna safari za farasi za siku kadhaa. Kaskazini mwa Unguja hukodishwa ufukweni. Kwa mtu wa Mbeya aliye karibu zaidi yuko Mufindi, mkoani Iringa, kwenye ukingo wa milima yenye chai, ambako hoteli ya Mufindi Highland Lodge imekuwa ikiwapandisha wageni wake farasi kwa muda mrefu.

Kwa hiyo tukaenda Mufindi. Mjomba asingesafiri zaidi ya kilomita 200 kwa ajili ya farasi, hilo nisingethubutu hata kulitamka, lakini alikuwa na ndugu wa kumpa pole Mafinga, na safari yenye msiba ndani yake haina anayeipinga. Tukashuka hadi kwenye lami, tukapanda Uyole, tukapita Igurusi na Chimala kwenye joto la Usangu, kisha Makambako na upepo wake. Usangu binti yangu aliona punda kandokando ya barabara wamebebeshwa madumu ya maji. "Hao hawahesabiki," alisema. Mjomba, aliyekaa mbele, akamwambia awahesabu vizuri, kwa maana hao ndio wanaofanya kazi.

Pole ikatolewa, ugali ukaliwa, na kesho yake tukaenda kwenye shamba moja ambalo wenyewe hawapendi kuandikwa magazetini. Bei yake sikuitaja mbele ya mzee.

Ukungu ulikuwa haujaondoka kwenye chai. Kijana wa zizi, mwenyeji wa huko huko, alimleta farasi jike wa kijivu, mnene wa shingo, na jambo la kwanza alilomfundisha binti yangu lilikuwa mahali pa kusimama. Macho ya farasi yako pembeni ya kichwa, anaona karibu pande zote, isipokuwa nyuma ya mkia na sehemu ndogo mbele ya pua yake. Ukimjia kwa nyuma kimya, mguu utakaokupiga haujakukusudia. Umejiweka penye giza lake. Mjie begani, kushoto, ukiongea. Mpe karoti kwenye kiganja kilichonyooshwa, vidole vimebanana, kwa sababu hawezi kukiona kile midomo yake inachookota.

Mtoto akavishwa kofia ngumu. Viatu vyake vya raba vilitazamwa kwa mashaka. Vinatakiwa viatu vyenye kisigino, mguu usiteleze ukapita katikati ya kikuku, maana anayeanguka mguu ukiwa umenasa huburutwa. Walipata buti za kumwazima. Akapanda kigogo, akaweka mguu wa kushoto kwenye kikuku, akajirusha, na pale juu sura yake ikabadilika mara mbili: kwanza furaha, halafu akatazama chini.

"Ni juu."

"Usitazame chini. Tazama unakotaka kwenda, naye atajua."

Hilo nililidhani maneno tu ya kumtuliza mgeni mpaka nilipopandishwa mwenyewe. Ukigeuza kichwa, nyonga nayo inageuka kidogo bila wewe kujua, uzito unahama, na mnyama aliyefundishwa anausikia kupitia tandiko. Hatamu ni ya kukumbushia. Anayeivuta kama kamba ya ng'ombe anamuumiza kwa lijamu iliyo mdomoni, na hapati anachotaka. Visigino chini, mgongo wima, mikono tulivu: maagizo matatu rahisi ambayo mwili unayakataa yote kwa pamoja. Tulizunguka pembezoni mwa chai, kisha ndani ya miti, kwa mwendo wa kutembea tu. Mara mbili wa kwangu alikata shauri kwamba majani ya kando ya njia ni bora kuliko mazungumzo yetu, akashusha kichwa, nami nikashuka naye nusu ya njia.

Binti yangu alinipita kwa mbali. Baada ya nusu saa alikuwa ameacha kushika shungi la shingo na alikuwa anasoma masikio. Yakielekea mbele, kuna kitu ameona huko. Moja likigeuka nyuma, anakusikiliza wewe. Yakilala yote mawili kichwani, kaa mbali. "Mama, ananisikiliza," alisema, kwa sauti ya mtu aliyepewa cheo. Kuna jambo ambalo katuni haikumwambia na ambalo mimi pia sikulijua: kwamba sehemu kubwa ya kupanda farasi ni kunyamaza ili umwachie mnyama nafasi ya kukujibu. Watoto wanaolelewa na ng'ombe mmoja wa ndani wanalijua hilo bila tandiko. Mkaza mjomba hukamua akiwa kimya, paji la uso limegusa ubavu wa ng'ombe, na watoto wa nyumba ile hawapiti bandani wakikimbia.

Kule mbele tulisikia wageni wengine wakienda shoti, kwato zikigonga ardhi, na farasi wetu wakainua vichwa. Kijana akasema neno moja, wakavishusha. Mapaja yangu yalilipa gharama ya safari ile kwa siku mbili.

Mjomba hakupanda. Kanuni ya pale, na ya mazizi mengi duniani, ni kwamba mzigo wote, mtu na tandiko, usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mnyama. Farasi wa kilo 400 basi abebe kilo 80. Kijana alimpima mzee kwa macho, akatafuta maneno ya adabu. Mjomba akamwokoa: "Usihangaike, mwanangu. Hata ng'ombe wangu hawezi kunibeba." Akabaki zizini, na huko, tulipokuwa tunazunguka kwenye ukungu, akafanya kazi ya uandishi wa habari kuliko mimi.

Tulimkuta anaangalia mdomo wa farasi mwingine. "Ana meno ya juu!" alinitangazia. Ng'ombe hana meno ya mbele ya juu, na miaka hamsini ya kufuga ilikuwa imemzoesha mdomo wa aina moja. Alikuwa ameshauliza mengine. Kwamba farasi hacheui, kwa hiyo lazima ale karibu kutwa na sehemu ya usiku, kidogo kidogo, na akilishwa vibaya tumbo linajifunga. Na kwamba hawezi kutapika, kwa hiyo alichokimeza vibaya kinaweza kumuua. Kwamba kwato zake zinapaswa kukatwa kila wiki sita hadi nane na mtu anayejua, na akisimama kwenye tope muda mrefu zinaoza kwa chini. Hapo mjomba alinitazama, nami nikajua anaiona ile njia ya kwake ya kwenda kisimani wakati wa mvua.

"Anakula kiasi gani?" nilimuuliza, kwa sababu nilijua ameshapiga hesabu.

Alikuwa ameshapiga. Farasi huhitaji kama kilo mbili za chakula kikavu kwa kila kilo mia za mwili wake. Wa kilo 400 anataka kilo nane kavu. Mabingobingo mabichi ni maji kwa sehemu kubwa, basi ukate kama kilo 40 kila siku, Jumapili na Krismasi zikiwemo. Kwa majani yasiyozidi hayo sana ng'ombe wake anatoa lita kumi na mbili, na maziwa hayo yalisomesha watoto. Ongeza chanjo ya kuagizwa nje, dawa ya minyoo, dawa ya kupe, daktari wa mifugo ambaye farasi alimsoma chuoni na hajamgusa tangu siku ya mtihani. "Na asubuhi unapata nini?" Akanyoosha mikono, mitupu.

Wapo vijana Tukuyu wanaosema farasi angeleta watalii: awapeleke Ziwa Ngosi, awapeleke Daraja la Mungu kule Kiwira. Nina shaka, na shaka yangu si ya kudharau ndoto ya mtu. Njia ya Ngosi ni ya mwinuko mkali ndani ya msitu, mizizi na utelezi. Mgeni anayeipanda kwa miguu na kijana wa kijiji mbele yake analipa fedha inayobaki kijijini. Farasi mmoja mgonjwa angeila fedha hiyo kwa mwezi. Kama kuna mnyama wa kujaribiwa huku, ningeanza na punda, au baghala, yule chotara wa punda dume na farasi jike, anayestahimili mlima na chakula duni. Viazi vya Rungwe bado hutoka mashambani kwenye vichwa vya wanawake hadi bodaboda inapoweza kufika, na bodaboda yenyewe huishia pale tope linapoanza. Hapo ndipo kuna kazi ya mnyama. Mjomba alilisikiliza wazo la baghala bila kulikataa, jambo ambalo kwake ni karibu na kukubali, kisha akauliza kama anazaa. Nikamwambia hazai. Wazo likafa pale pale.

Kilichomvutia kilikuwa nyuma ya zizi. Rundo la samadi, juu kuliko binti yangu, linatoa mvuke kwenye baridi ya asubuhi. Alilizunguka. Akachukua kijiti, akachokonoa, akainusa. Farasi mmoja hutoa kilo 15 hadi 20 kwa siku, na kwa kuwa tumbo lake halisagi majani kama la ng'ombe, samadi yake ni nyepesi, imejaa nyuzi, na huchacha kwa joto kali. Migomba ingeipenda. Viazi vingeipenda zaidi.

"Hii mnaifanyia nini?" alimuuliza kijana.

"Nyingine tunaweka bustanini, mzee. Nyingine watu wanachukua."

"Wanalipa?"

Kijana akacheka, akasema achukue anayotaka, ila aiache ioze miezi michache kabla ya kuitumia, maana mbegu za magugu hupita tumboni mwa farasi zikiwa nzima na akiiweka mbichi atapalilia hadi achoke. Mjomba akamwambia yeye amepalilia tangu enzi za Nyerere na magugu ya Iringa hayawezi kumtisha. Akaomba koleo. Tulirudi Mbeya na viroba viwili kwenye buti ya gari, vioo vimeshushwa tangu Makambako hadi Uyole licha ya baridi, binti yangu akiwa ameziba pua kwa skafu na mzee akimweleza, kwa utulivu wa mtu aliyepata thamani ya nauli yake, kiroba kipi ni cha migomba na kipi ni cha viazi.